Louis Leakey na sisi tunaotafuta kazi tukiwa na mvi

Kariandusi ni mahali pa mashoka ya mawe, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, kilomita chache kutoka mjini Gilgil, juu kidogo ya Ziwa Elmenteita. Hapana jengo kubwa. Pana mashimo yaliyochimbwa kwa mpango, paa la kuyakinga na mvua, chumba kidogo cha maonyesho, na mashoka yenyewe, mengine ya jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Yanakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Jirani pana machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe mwepesi kama unga. Aliyefanya mahali hapa pajulikane duniani ni Louis Leakey.

Wengi wetu tulimsoma shuleni kama jibu la mtihani: Leakey, Olduvai, fuvu, basi. Leo nataka kusimulia maisha yake kwa upande ambao vitabu vya shule haviugusi, upande wa mtu aliyepoteza kazi na kukaa miaka mingi akijaribu kuinuka tena. Nina sababu yangu. Mimi ni mwana wa Kisauni, nina miaka 57, na tangu 2019 nimo katika safari ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua. Nilikuwa karani katika yadi ya makontena kule Changamwe kwa miaka 22. Mizigo ilipoamriwa kupandishwa reli ya SGR moja kwa moja hadi bara, yadi nyingi za Mombasa zilikauka, na yetu ikafungwa. Nilimfuata mdogo wangu huku Gilgil kwa kuwa mzigo nao ulikuwa unakuja upande huu, kwenye bandari kavu ya Naivasha. Barua za maombi nimeandika mpaka nimeacha kuzihesabu. Wengi hawakujibu. Waliojibu waliniuliza mwaka wa kuzaliwa kabla ya kuniuliza najua kufanya nini.

Katika hali hiyo ndipo nilipoanza kusoma habari za huyu mzungu wa Kariandusi, na nikaona kuna mambo ndani yake yatakayowafaa wenzangu.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete. Wazazi wake walikuwa wamisheni wa CMS, chama kile kile kilichoanzia Rabai kwa akina Krapf na Rebmann. Alikua na watoto wa Kikikuyu, akasema Kikikuyu kama lugha ya mama, akapitishwa jandoni pamoja na rika lake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Uingereza kusoma, na akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, na daktari akamwambia apumzike masomo. Kijana huyo hakukaa kitako. Alipata nafasi katika msafara wa makumbusho ya Uingereza uliokuwa ukienda Tendaguru, kule Lindi, kuchimba mifupa ya madainosaria. Alichukuliwa kwa sababu aliijua Afrika Mashariki na watu wake. Hakuwa na shahada bado. Kazi yake ya kwanza ya uchimbaji, basi, aliifanya Uswahilini, kwenye pwani ya kusini ya Tanganyika, mwaka 1924.

Alirudi Cambridge, akamaliza mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa, kisha akaongoza misafara yake mwenyewe katika Bonde la Ufa. Elmenteita, Nakuru, Naivasha, yote aliyapitia. Karibu na Elmenteita alichimba pango la Gamble's Cave. Miaka ya mwisho ya 1920 wenzake wa msafara wakaona mashoka ya mawe kwenye kingo za mto mdogo wa Kariandusi, naye akaanza kuchimba pale. Mwaka 1931 alikwenda Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck, ambaye alikuwa amechimba huko kabla ya vita na kuamini kwamba hapakuwa na zana za mawe. Leakey aliweka dau kwamba zipo. Siku ya kwanza tu akashinda. Alikuwa na miaka 28, na kila mtu alimwona kuwa nyota inayopanda.

Kisha akaanguka, na alianguka kwa mambo mawili.

La kwanza lilikuwa la kazi. Mwaka 1932, huko Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, alipata kipande cha taya na kutangaza kwamba ni cha binadamu wa zamani sana. Mwaka 1935 profesa wa jiolojia, Percy Boswell, alisafiri kutoka Uingereza kwenda kuhakikisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe alipookota taya ile. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameweka vilikuwa vimeng'olewa, na picha zake hazikusaidia. Boswell alirudi akaandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi haupo. Katika taaluma ile, hilo ni sawa na karani wa forodha kupoteza hati za shehena nzima. Hata kama mzigo ulikuwepo, nani atakuamini?

La pili lilikuwa la nyumbani. Alimwacha mke wake Frida na watoto wawili wadogo, akaenda na msichana mchoraji, Mary Nicol, aliyemwoa mwisho wa mwaka 1936. Mimi simtetei kwa hilo, na waliomlaumu wakati ule walikuwa na haki yao. Cambridge ya wakati ule haikusamehe. Milango ilifungwa. Alikuwa na miaka 33, ameshaandika vitabu, na hapakuwa na chuo kilichomtaka.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Mwaka 1937 Leakey alirudi Kenya. Hapa ndipo pananihusu zaidi, maana alichorudi kufanya hakikuwa kazi yake. Mfuko wa Rhodes ulimpa fedha za miaka miwili aandike juu ya mila na desturi za Wakikuyu. Yeye alitaka kuchimba mawe, lakini fedha ya mawe haikuwepo, ya mila ilikuwepo. Alikaa na wazee, kwa msaada wa Chifu Koinange, akaandika kurasa kwa mamia. Wakati huo huo Mary alichimba Hyrax Hill, pale Nakuru, na pango la mto Njoro. Kwa maneno mengine, yule aliyekuwa na kibarua alilisha nyumba, na mwingine akaushika ufundi usife.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilimchukua katika upelelezi. Mwaka 1941 akawa pia msimamizi wa makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, ambayo leo ni Makavazi ya Kitaifa. Usimamizi huo ulikuwa wa heshima tu, maana yake bila mshahara. Vita vilipokwisha ndipo alipopewa nafasi hiyo kwa malipo, na malipo yenyewe yalikuwa madogo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua msomaji wa Likoni au Malindi atasema nini. Atasema kazi ya bure ni ya mwenye wali nyumbani. Ni kweli. Leakey aliweza kufanya kazi bila malipo ya makumbusho kwa sababu alikuwa na mshahara wa vita. Tena alikuwa mzungu katika koloni. Heslon Mukiri, aliyefanya kazi naye tangu ujanani na kuongoza wachimbaji wake kwa miaka mingi, hakuwa na Cambridge ya kupoteza wala mfuko wa Rhodes wa kumwokota. Na ilipofika Mau Mau, Leakey alikuwa upande wa serikali, akawa mkalimani katika kesi ya Kapenguria mpaka mawakili wa akina Kenyatta walipompinga akaondoka. Hayo yote sitaki yafichwe. Ninachochukua kwake ni kidogo zaidi: aliposhindwa kuipata kazi aliyoitaka, hakukaa mbali nayo. Alichukua kazi iliyokuwa karibu nayo, na ile ya bure akaibeba juu ya ile ya kulipwa, si badala yake.

Kwetu sisi hilo linamaanisha nini? Karani wa yadi aliyekosa yadi anajua kusoma hati, kuhesabu mzigo, kupanga foleni ya malori, kuzungumza na dereva wa Uganda aliyechoka na afisa wa forodha mwenye haraka. Ujuzi huo hauko bandarini tu. Huku Bonde la Ufa kuna mashamba ya maua Naivasha, maghala ya nafaka Nakuru, vituo vya malori njiani kote. Mimi niliacha kuandika kwenye barua kwamba natafuta kazi ya ukarani wa makontena. Nikaandika ninachoweza kufanya, kimoja kimoja, na idadi ya malori niliyokuwa nikiyapokea kwa siku. Barua ya kwanza ya namna hiyo ilijibiwa. Kazi sikuipata, lakini nilijibiwa, na baada ya miezi mingi ya kimya hilo si jambo dogo.

Turudi kwa Leakey. Mwaka 1947 alifanya jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa shimoni. Badala ya kungoja wataalamu wa dunia wamsamehe kwa barua, aliwaita waje waone. Aliandaa mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa mambo ya kale, uliofanyika Nairobi Januari mwaka huo. Kabla ya mkutano alirudi kwenye maeneo yake ya zamani na kuyatayarisha. Uchimbaji mpya wa Kariandusi wa miaka ya 1946 na 1947 ni wa wakati huo. Safari hii alichokuwa nacho kilikuwa ardhini, mahali pake, kila mtu akione kwa macho yake. Hapakuwa na habari ya vigingi vilivyong'olewa. Waliokuja waliondoka na picha nyingine ya mtu huyu, na muda mfupi baadaye fedha za utafiti zikaanza kupatikana tena. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary alipata fuvu la Proconsul, nyani wa zamani sana, na magazeti ya Uingereza yakaandika.

Nimelifikiria jambo hili la kuwaita watu waone. Mtu wa umri wetu ana kitu ambacho kijana wa miaka 25 hana: watu waliomwona akifanya kazi. Mawakala wa forodha niliofanya nao kazi wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Malaba, mmoja Kampala. Sikuwahi kuwaambia kwamba natafuta kazi. Kwetu Pwani tuna haya. Mtu akiachishwa kazi husema amepumzika, au anaangalia biashara, na mwaka unapita hakuna anayejua kwamba anahitaji. Nilianza kuwapigia simu, mmoja kwa siku, baada ya alasiri. Sikuomba kazi. Niliwaambia niko Gilgil, naweza kazi hizi na hizi, wakisikia jambo wanikumbuke. Mtu wa nane ndiye aliyenipeleka kwa mwenye yadi ya malori njia ya Naivasha, ambako nina mkataba wa miezi mitatu. Si kazi ya maisha, lakini ni kazi, na karo ya mtoto wa mwisho imelipwa nusu.

Sasa njoo kwenye mwaka 1959. Leakey alikuwa na miaka 55. Nataka ndugu msomaji aitazame vizuri namba hiyo, kwa sababu kwa miaka mingi Kenya huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu serikalini, mpaka 2009 ulipopandishwa kuwa 60. Tangu safari ya kwanza ya Olduvai ilikuwa imepita miaka 28. Walikuwa wamekusanya zana za mawe kwa maelfu, lakini mtu aliyezitengeneza hawakumpata. Fedha zilikuwa za kuungaunga. Asubuhi ya tarehe 17 Julai Leakey alikuwa na homa, amelala hemani. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa ukichungulia kwenye mteremko, na meno mawili makubwa. Alirudi kambini mbio kumwamsha mumewe.

Mary alikuwa na miaka 46. Shuleni hakuwahi kufaulu mtihani wowote wa maana, na alikuwa amefukuzwa zaidi ya mara moja. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora, jicho, na zaidi ya miaka 20 ya kuinama juani. Cheti cha ugunduzi ule, kama kingekuwepo, kingekuwa chake.

Fuvu lile waliliita Zinjanthropus, na jina hilo ni letu. Zinj ni jina ambalo wasafiri wa Kiarabu waliliita pwani hii ya Afrika Mashariki, tangu zama ambazo Mombasa na Kilwa zilikuwa zikifanya biashara na Ghuba. Jina la pili, boisei, lilitoka kwa Charles Boise, mfadhili aliyewasaidia wakati ambao wengine hawakuwa wakiwaona. Kwa hiyo mtu maarufu kuliko wote wa Olduvai ana majina mawili: la pwani yetu, na la mtu aliyetoa fedha kabla mambo hayajanyooka. Miaka miwili baadaye wataalamu walipima majivu ya volkano ya mahali pale na kupata umri wa miaka 1,750,000.

Baada ya hapo ndipo Shirika la National Geographic la Marekani lilipoanza kuwapa fedha za kutosha. Kazi iliyofuata kwa miaka michache ikaizidi ile ya miaka yote ya nyuma. Katika mtu aliyekuwa akikaribia miaka 60 dunia iligundua ghafla kwamba kuna nguvu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa wenye kampuni walisome, kama wapo wanaotufuata hapa. Leakey alipokuwa na uwezo wa kuajiri, hakuangalia vyeti kwanza. Jane Goodall alikuwa karani wake wa makumbusho, msichana asiye na shahada, alipomtuma Gombe, Kigoma, mwaka 1960 akachunguze sokwe. Dian Fossey alikuwa na miaka 34, mtaalamu wa kuwasaidia watoto wenye ulemavu, alipomchagua mwaka 1966 kwa kazi ya masokwe wa milimani, na hakuwa amesomea wanyama. Kamoya Kimeu alianza kama mchimbaji wa kawaida kule Olduvai, akaja kuwa mmoja wa wavumbuzi wakubwa wa visukuku duniani. Leakey alitafuta mtu mwenye subira ya kukaa mahali pamoja akitazama. Mtu aliyekaa miaka 22 kwenye lango la yadi ana subira hiyo.

Haki nayo iko upande wetu, ingawa wengi hatuijui. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na umri umetajwa humo kwa jina lake. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu anayepunguzwa kazini kwa sababu nafasi yake haipo tena lazima apewe notisi, na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioukamilisha. Inasema pia mwajiri lazima ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, kinachoonyesha alianza lini, aliondoka lini, na alikuwa akifanya kazi gani. Dai la kazi lina muda wake, miaka 3, kisha mlango wa mahakama unafungwa. Nimekutana na watu wa Pwani huku Nakuru waliofanya kazi miaka 15 na zaidi bila kuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha. Hao wako mahali alipokuwa Leakey mbele ya Boswell: jambo lilikuwepo, lakini kigingi hakipo.

Kwa wale ambao kampuni zao zimekufa na hakuna wa kuwapa cheti, njia ipo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo ina kituo hata Mombasa, hutoa mitihani ya ufundi kwa ngazi, na fundi wa miaka 50 anaweza kuufanya bila kurudi shule. Upo pia utaratibu wa kitaifa wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao humpima mtu kwa anachoweza kufanya. Fundi bomba, mchomeleaji, dereva wa forklift, mpishi wa hoteli aliyejifunzia jikoni, wote wanaweza kutoka na karatasi. Vijana wana mipango yao mingi, na sehemu ya zabuni za serikali, asilimia 30, imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 55 hana fungu lake hapo, na wabunge wetu wa Pwani bado hatujawasikia wakilisema hilo. Mwaka 2022 Rais aliamuru mizigo irudi kukaguliwa Mombasa, na tulishangilia. Lakini yadi iliyofungwa 2019 haifunguki kwa tamko, na aliyekuwa na miaka 51 wakati ule sasa ana 57.

Mwisho wa Leakey nao una la kutufunza, nalo halipendezi sana. Alizeeka vibaya kazini. Nyonga ilimsumbua, moyo ukamsumbua, akawa anazunguka Marekani akihutubu ili kutafuta fedha, na hakukubali kupunguza. Mwaka 1968 mtoto wake Richard, akiwa hajatimiza miaka 25, akawa mkuu wa makumbusho yale yale ambayo baba aliyasimamia tangu siku za kazi ya bure. Baba na mtoto wakagombana, na kwa muda mrefu hawakuelewana juu ya nani anaamua nini. Wengi wetu tukipata kazi leo tutaipata chini ya mkubwa mwenye umri wa watoto wetu. Mwenye yadi yangu ya sasa ana miaka 31. Namwita bosi, naye ananiita mzee, na kila mmoja anampa mwenzake haki yake. Akikosea hesabu humwambia tukiwa wawili, mbali na madereva. Sijapoteza kitu kwa hilo.

Louis na Richard walipatana mwishoni. Septemba 1972 Richard alirudi kutoka upande wa Ziwa Turkana na fuvu lililookotwa na Bernard Ngeneo, mmoja wa wachimbaji wake, akampelekea baba yake Nairobi alione. Lilikuwa jambo ambalo mzee alilisema tangu ujana na watu wakalipinga, kwamba mababu wa jamii yetu ni wa zamani kuliko walivyodhani. Siku chache baadaye Louis alisafiri, na tarehe 1 Oktoba 1972 akafariki London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Na zile kurasa za mila za Wakikuyu, alizoziandika miaka ambayo hapakuwa na aliyemtaka, hazikuchapishwa akiwa hai. Wachapishaji walimtaka azipunguze, akakataa. Zilitoka mwaka 1977, vitabu vitatu vikubwa, miaka mitano baada ya kifo chake, na mpaka leo anayetafuta habari za Wakikuyu wa zamani huenda kuzifungua.

Kwa ndugu zangu wa Pwani mlioko Gilgil, Naivasha na Nakuru: leteni majina ya kazi mnazoziweza, na miaka mliyozifanya, tuziweke pamoja orodha moja. Tuko wengi kuliko tunavyojuana. Wenye maghala na mashamba huku huuliza watu wa kuaminika kila wiki, na huwauliza wale wanaowajua. Na mwenye cheti cha utumishi alichokiacha kwa mwajiri wake wa zamani, akakifuate wiki hii, kabla ofisi ile nayo haijahama.